Asilimia ya Wangapi? Namna ya Kuzipima Takwimu za Afya na Lishe

(Mada kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watendaji wa kata na vijiji, na wajumbe wa kamati za lishe)



Takwimu za afya siku hizi humfikia mwananchi kabla mtaalamu hajamfikia. Asubuhi redio hutangaza kwamba chakula fulani huongeza hatari ya saratani kwa asilimia kadhaa. Mchana huja ujumbe wa simu unaodai kuwa kinywaji fulani hushusha sukari mwilini kwa nusu. Jioni, mnadani, mchuuzi mwenye kipaza sauti husema unga wake umewaponya watu tisa katika kila kumi. Anayeulizwa kwanza iwapo maneno hayo ni ya kweli ni mhudumu wa afya wa kitongoji, kwa kuwa ndiye anayepita nyumba kwa nyumba na ndiye anayejulikana kwa jina. Jibu lake laweza kumfanya mama aache njia yake ya uzazi wa mpango, mzee asitishe vidonge vya shinikizo la damu, au mjamzito aanze kliniki mapema.

Kwa sababu hiyo mada hii inashughulikia jambo moja tu. Kabla asilimia yoyote haijaaminiwa au kukataliwa, sharti iulizwe ni asilimia ya wangapi, na hao wangapi walipatikanaje. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Takwimu nayo huundwa: kuna aliyehesabu, kuna waliohesabiwa, na kuna aliyechagua namna ya kuitangaza.

Mara mbili ya kitu kidogo

Mfano wenye funzo kubwa kuliko yote ulitokea Uingereza. Mwezi Oktoba 1995, kamati ya serikali ya nchi hiyo iliyosimamia usalama wa dawa ilitoa tahadhari kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango ziliongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, zikilinganishwa na vidonge vya aina ya zamani. Habari hiyo ilienea katika magazeti na televisheni kwa saa chache. Wanawake wengi walivitupa vidonge vyao bila kuonana na mtoa huduma.

Neno "maradufu" halikuwa uongo. Tafiti zilizotumiwa zilionyesha kuwa kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya zamani, mmoja hivi ndiye aliyepata tatizo hilo, na kati ya 7,000 waliotumia vidonge vipya, walikuwa wawili. Kutoka mmoja hadi wawili ni ongezeko la asilimia 100. Ni kweli vilevile kwamba ongezeko hilo lilikuwa la mwanamke mmoja katika kila 7,000. Taarifa zote mbili zilitokana na hesabu ileile, lakini ya kwanza iliwatisha watu na ya pili ingewawezesha kuamua.

Matokeo yake yalikuwa mazito. Mimba zisizotarajiwa ziliongezeka, na inakadiriwa kuwa katika mwaka uliofuata Uingereza na Wales zilishuhudia takriban utoaji mimba 13,000 zaidi ya ilivyotarajiwa. Ikumbukwe pia kwamba ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile vilivyokimbiwa. Wanawake walikwepa hatari ndogo wakaingia katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu ya asilimia iliyotajwa bila idadi yake.

Mhudumu anayesikia kwamba njia fulani ya uzazi wa mpango "huongeza hatari mara mbili" anapaswa kuuliza maswali mawili: hatari ilikuwa kiasi gani kabla ya kuongezeka, na ni nini kitakachofuata iwapo mtumiaji ataacha. Bila majibu hayo, ushauri wa busara ni kumwelekeza mteja arudi kituoni azungumze na mtoa huduma, huku akiendelea na njia yake mpaka atakapopata maelezo kamili. Mwenye dalili za hatari, kama vile mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, hasubiri siku ya kliniki. Huyo apelekwe kituoni mara moja.

Uzito wa ushahidi na ukubwa wa hatari

Mwezi Oktoba 2015, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo ni sehemu ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba nyama iliyosindikwa, kama vile soseji na nyama iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, imo katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku nayo imo katika kundi hilohilo. Vyombo vingi vya habari vikatangaza kwamba soseji ni hatari sawa na sigara.

Tafsiri hiyo haikuwa sahihi. Makundi ya IARC huonyesha uzito wa ushahidi, yaani wataalamu wana uhakika kiasi gani kwamba kitu fulani husababisha saratani. Hayaonyeshi kitu hicho husababisha saratani kwa watu wangapi. Mahakamani, watu wawili waweza kutiwa hatiani kwa ushahidi ulio wazi sawasawa, mmoja kwa kuiba kuku na mwingine kwa kuua. Uhakika wa hatia ni mmoja, uzito wa makosa haulingani.

Taarifa hiyohiyo ilieleza kuwa kula gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Swali la "asilimia ya wangapi" hujibiwa hivi: nchini Uingereza, takriban watu 6 katika kila 100 hupata saratani hiyo katika maisha yao. Asilimia 18 ya 6 ni kama mtu 1. Kwa hiyo, iwapo watu 100 wote wangekula kiasi hicho kila siku, wangeugua 7 badala ya 6. Afrika Mashariki saratani hiyo huwapata watu wachache kuliko Ulaya, na asilimia ileile ikiwekwa juu ya msingi mdogo zaidi huzaa idadi ndogo zaidi.

Hii haina maana kwamba mtu mmoja katika mia ni jambo la kupuuzwa, wala si ruhusa ya kula soseji bila kiasi. Maana yake ni kwamba mwenye fedha kidogo na muda mchache ajue aanze na lipi. Anayevuta sigara na kula soseji mara moja kwa juma ana jambo la haraka zaidi la kuacha, nalo ni sigara.

Wanaokula karoti na wanaomeza vidonge

Swali la pili, yaani hao watu walipatikanaje, lina uzito sawa na la kwanza. Kwa miaka mingi watafiti waliona kuwa watu wanaokula kwa wingi matunda na mboga zenye rangi ya manjano na kijani, ambazo zina kirutubishi kiitwacho beta-karotini, hupata saratani ya mapafu kwa nadra kuliko wengine. Ilionekana dhahiri kwamba kirutubishi hicho kikifungwa ndani ya kidonge kitawakinga hata wavuta sigara.

Ili kuthibitisha, watafiti wa Finland waliwachukua wanaume wavutaji 29,133 wenye umri kati ya miaka 50 na 69. Waliwagawa kwa njia ya kura, ili pasiwepo mtu wa kuchagua nani apate nini. Takriban nusu walipewa beta-karotini na wengine hawakupewa. Baada ya ufuatiliaji wa miaka kati ya 5 na 8, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yaliwashangaza wengi. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi: wagonjwa 474 upande wao dhidi ya 402 upande wa pili. Kwa kila wavutaji 1,000, hiyo ni kama wagonjwa 33 badala ya 28. Mwezi Januari 1996 jaribio jingine lililofanyika Marekani, likihusisha watu zaidi ya 18,000, lilisitishwa kabla ya wakati wake kwa sababu waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wakipata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi.

Ilikuwaje mboga zionekane kukinga na kidonge kionekane kudhuru? Mtu anayekula mboga kwa wingi mara nyingi hutofautiana na mwenzake kwa mambo mengi mengine. Huenda havuti sigara au huvuta kidogo, huenda ana kipato cha kutosha, huenda huwahi hospitali anapougua. Utafiti unaowatazama watu wanavyoishi hukusanya tofauti hizo zote pamoja, wala hauwezi kwa urahisi kusema ni ipi iliyoleta afya. Kura ndiyo inayosawazisha makundi, kiasi kwamba tofauti inayobaki ni ile iliyokusudiwa kupimwa.

Funzo kwa wilaya hii lipo wazi. Virutubisho vya vidonge na unga huuzwa minadani, ndani ya mabasi na nyumba kwa nyumba, vikisindikizwa na shuhuda za watu waliopona. Shuhuda hutolewa na waliopona na kurudi kusema. Waliotumia wasione nafuu hawapandi jukwaani, na waliozidiwa hawana tena nafasi ya kusema. "Tisa kati ya kumi walipona" ni hesabu isiyo na maana iwapo muuzaji ndiye aliyewachagua hao kumi. Swali la adabu la kumuuliza ni hili: wangapi walitumia kwa jumla, na wangapi wenye hali kama yao hawakutumia, nao walikuwaje? Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu ya ushuhuda wa mtu mwingine.

Ukitafuta sana, hukosi kupata

Mwaka 2015 mwandishi wa habari wa Marekani, John Bohannon, akishirikiana na watengenezaji wa filamu wa Ujerumani, alifanya utafiti mdogo kwa makusudi ya kuonyesha jinsi habari za lishe zinavyopotoshwa. Watu waligawanywa katika makundi matatu kwa siku 21, na kundi mojawapo lilipunguza vyakula vya wanga huku likila chokoleti nyeusi kila siku. Matokeo yalidai kwamba wala chokoleti walipungua uzito kwa kasi zaidi ya wenzao kwa asilimia 10. Andiko hilo lilichapishwa katika jarida lililojiita la kitaaluma, kisha habari ikatokea katika magazeti ya nchi mbalimbali, likiwemo gazeti kubwa la Ujerumani, Bild.

Siri ilikuwa katika idadi. Watu waliohesabiwa mwishoni walikuwa 15 tu, nao walipimwa vitu 18: uzito, lehemu, shinikizo la damu, usingizi na vinginevyo. Kwa kawaida watafiti hukubali kwamba kipimo kimoja kina nafasi 1 katika 20 ya kuonyesha tofauti ambayo imetokea kwa bahati tu. Vikipimwa vitu 18 kwa pamoja, na kila kimoja kikisimama peke yake, nafasi ya angalau kimoja kuonyesha tofauti ya bahati hufikia takriban 60 katika 100. Ni sawa na mtu anayerusha sarafu mara nyingi, kisha akatangaza zile mara chache tu alizopata alichokitaka.

Kwa hiyo, habari ya lishe inapotangazwa, mambo mawili yatazamwe: watu walikuwa wangapi, na je, watafiti walitangaza mapema walichokuwa wakikitafuta? Utafiti wa watu kumi na watano wa majuma matatu hautoshi kubadilisha chakula cha familia.

Takwimu iliyookoa watoto

Ndugu washiriki, itakuwa hasara iwapo maelezo haya yatamfanya mtu aondoke hapa akiamini kwamba takwimu zote ni hila. Zipo takwimu zilizojengwa vizuri, na kuzidharau ni hatari sawa na kuziamini zile mbovu.

Kati ya 1983 na 1991, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilisimamia jaribio katika vituo 33 vya nchi 7. Lilihusisha wanawake 1,817 ambao walikwisha kupata ujauzito wenye kasoro za uti wa mgongo au ubongo, kama vile mgongo wazi, na ambao walikusudia kupata mtoto mwingine. Waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa asidi ya foliki kabla ya kushika mimba na katika majuma ya mwanzo. Kati ya mimba 593 zilizofuatiliwa katika makundi yaliyopata asidi ya foliki, 6 zilikuwa na kasoro hizo. Kati ya 602 za makundi ambayo hayakupata, zilikuwa 21. Jaribio lilisitishwa mapema kwa kuwa jibu lilikwisha kuwa wazi.

Takwimu hii inajibu kila swali lililoulizwa hapo juu. Asilimia yake ni kubwa, kwani hatari ilipungua kwa asilimia 72. Idadi yake inajulikana: kwa wanawake 1,000 wenye historia hiyo, mimba zenye kasoro zilishuka kutoka takriban 35 hadi 10. Makundi yalisawazishwa kwa kura, na kilichotafutwa kilijulikana tangu mwanzo. Kwa wanawake wasio na historia hiyo hatari ni ndogo zaidi, lakini mdharau mwiba mguu huota tende: hatari ndogo ikizidishwa na mamilioni ya wajawazito huwa watoto wengi.

Ndiyo maana asidi ya foliki imo katika vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, na ni miongoni mwa virutubishi vinavyoongezwa katika unga wa ngano viwandani hapa nchini. Na kwa kuwa sehemu hiyo ya mwili wa mtoto hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajitambua, anayekusudia kushika mimba anahimizwa kufika kituoni mapema kuuliza, asingoje tumbo lionekane.

Takwimu za nyumbani

Maswali haya hayahusu tafiti za ng'ambo pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Utafiti wa 2022 ulionyesha asilimia 30. Mmoja aweza kuandika kuwa udumavu umeshuka kwa pointi 4, na mwingine kwamba umeshuka kwa takriban asilimia 12, maana 4 ni kama asilimia 12 ya 34. Wote wamesema kweli. Taarifa bora huandika tarakimu zote mbili za mwanzo na mwisho, 34 na 30, na kumwachia msomaji apime mwenyewe.

Mkoa wa Iringa, unaojulikana kwa wingi wa mahindi, ulikuwa na udumavu wa takriban asilimia 57 katika utafiti huo wa 2022. Haifai kuhitimisha kwamba mahindi hudumaza. Inachoonyesha ni kwamba ghala lililojaa halimhakikishii mtoto mlo wenye mchanganyiko wa vyakula, kunyonyeshwa ipasavyo, kinga dhidi ya magonjwa ya kuhara, na mama mwenye nafasi ya kumhudumia.

Katika kijiji, hesabu hupotosha kwa njia nyepesi zaidi. Chukulia kwamba katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji walipimwa watoto 10 na mmoja akaonekana kuwa na utapiamlo. Robo iliyofuata wahudumu walihamasisha kwa bidii, wakapimwa watoto 100, na 6 wakaonekana na tatizo. Mtu akisoma idadi pekee atasema utapiamlo umeongezeka mara sita na kuwalaumu wahudumu. Akisoma kiwango atasema umeshuka kutoka asilimia 10 hadi 6. Huenda wote wawili wamekosea, kwa sababu watoto 10 ni wachache mno kuwa msingi wa kulinganisha, na kwa sababu wasioletwa kupimwa huenda ndio wenye hali mbaya zaidi. Taarifa sahihi hutaja waliopimwa, waliopaswa kupimwa, na waliokutwa na tatizo.

Jambo hili lina gharama. Chini ya mikataba ya lishe iliyoanza kusainiwa mwaka 2017, halmashauri hutakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5. Watoto 2,000 wasipoorodheshwa katika vijiji vyao, bajeti hupungua kwa shilingi milioni 2, nao hao wasiohesabiwa ndio watakaokosa huduma. Daftari la mhudumu wa kitongoji ndiko takwimu za taifa zinakoanzia.

Maswali matano ya kuchukua nyumbani

Kwa muhtasari, kila takwimu ya afya au lishe inayosikika redioni, kwenye simu au mkutanoni iulizwe maswali haya:

1. Ni asilimia ya wangapi? Hatari ilikuwa kiasi gani kabla, na imekuwa kiasi gani baada?
2. Watu waliochunguzwa walikuwa wangapi, na kwa muda gani?
3. Walilinganishwa na akina nani, na nani aliyewachagua?
4. Kilichoelezwa ni uhakika wa ushahidi, au ukubwa wa hatari?
5. Anayeitangaza anauza nini?

Mhudumu asiyepata majibu hapaswi kuona haya kusema kwamba jambo hilo halijathibitishwa. Aliandike katika daftari, alifikishe kwa mganga mfawidhi wa zahanati au kwa afisa lishe wa wilaya, kisha arudishe jibu kwa aliyeuliza. Wakati jibu likisubiriwa, mgonjwa aendelee na dawa zake, mama aendelee na njia yake ya uzazi wa mpango, na mtoto aendelee kupelekwa kliniki kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.